Mtwara ni Magunia Ishirini na Mbili

Jumatatu, 4 Machi 1974

Mwalimu Candida kasema tuliomaliza kitabu cha pili cha kisomo tuandike kila siku, hata mstari mmoja, mkono usije ukasahau. Katugawia madaftari. Haya. Mimi Bakili. Mmakonde wa Newala. Nabeba mizigo hapa Kariakoo, huu mwaka wa kumi na moja. Mke wangu Zamzam alikufa. Mtoto ninaye mmoja, Sitara, yuko kwao mama yake. Leo vitunguu. Mvua bado.

Jumanne, 5 Machi

Vitunguu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza. Wanajenga soko jipya, mtaa wote umekuwa tope. Mkokoteni umezama Mtaa wa Tandamti, magurudumu hayaonekani. Mwenzangu Mbaruku badala ya kusukuma anacheka.

"Mmakonde, si uingie huko chini uangalie? Huenda kuna panya, tukapata kitoweo."

"Sukuma wewe. Babu yako alikuja pwani kubeba pembe za ndovu za watu, mpaka leo hamjatua."

Mbaruku Mnyamwezi wa Tabora, mtani wangu. Siku asiponitukana najua anaumwa.

Ijumaa, 8 Machi

Malori ya kusini yamerudi na mizigo yake. Rufiji imefurika, pantoni haivuki. Kuanzia leo mpaka mwezi wa saba kwetu hakuendeki kwa gari. Kila mwaka hivyo hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Ndege ya Mtwara imepita saa mbili asubuhi. Inapita Jumanne na Jumamosi.

Hili nitaliandika mara moja tu, basi. Mwaka juzi Zamzam alienda kwao kujifungua. Ndiyo desturi, mwanamke anajifungulia kwa mama yake. Aliondoka mwezi wa pili, barabara nzima. Masika ikafunga. Akafa yeye na mtoto mchanga tarehe 11 Aprili. Barua mimi nimeipata tarehe 30. Siku kumi na tisa nakula, nalala, nataniana na Mbaruku, kumbe nimeshafiwa. Gari la kwanza nimelipata mwezi wa saba. Nimekuta kaburi limeota majani. Sitara alikuwa na miaka tisa. Nikamwacha kwa bibi yake, maana kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mimi chumba changu hakikuwa na kitanda. Nikarudi mjini.

Siku zile kumi na tisa ndege ilikuwa inapita juu ya kichwa changu.

Jumatatu, 11 Machi

Barua ya shemeji Nassibu, kaka wa marehemu. Imenichukua jioni nzima kuisoma. Anasema serikali imewahamisha, wako kijiji kipya kando ya barabara, hakina jina bado, wanakiita Namba Tatu. Nyumba ya zamani imebomolewa. Kaburi la Zamzam limebaki huko kwenye mahame. Na lile ombi langu la Sitara kuja kukaa na mimi asome huku, anasema yeye mjomba hana kinyongo, mtoto aje. Ila atakujaje.

Mkwe anasemaje hajaandika. Na mimi sikumuuliza. Mama mkwe kwetu huongei naye. Ukikutana naye njiani unaingia kwenye majani apite. Jina lake hulitaji. Hata humu silitaji.

Alhamisi, 14 Machi

Tarsis kaniita. Huyu Mchaga wa Kibosho, ana duka la jumla Mtaa wa Mkunguni, mizigo yake mingi nabeba mimi. Hajawahi kuniita ila kunipigia kelele. Leo sauti ndogo.

"Bakili, kwenu Newala ni mbali?"

"Masika au kiangazi?"

"Sasa hivi."

"Sasa hivi hakufikiki."

Akakaa juu ya gunia la chumvi. "Wamempangia Euphrasia kufundisha huko. Mtoto wangu wa kike! Huko porini!"

"Ni kwetu, bwana Tarsis."

"Ndiyo nasema."

"Umesema porini."

Halafu akasema binti atapanda ndege, serikali inamlipia. "Saa moja na dakika kumi tu," akasema. Kama anajibembeleza mwenyewe.

Mimi nina gunia mgongoni. Sikulitua. Nikamuuliza, saa moja na dakika kumi mpaka wapi?

"Mpaka Mtwara. Uwanja kwa uwanja."

Nimefanya kazi mchana wote na maneno hayo. Uwanja kwa uwanja.

Ijumaa, 15 Machi

Kisomoni nimenyoosha mkono. Sijawahi. Nimeuliza Dar mpaka Mtwara ni umbali gani kama unapita juu.

Mwalimu Candida akatundika ramani. Akaweka rula. Sentimita nane. Kila sentimita ni kilometa hamsini. Akatuambia tuzidishe. Wote tumezidisha, mama muuza samaki wa nyuma kapata elfu nne, tumecheka. Jibu ni mia nne. Ndege inaenda kilometa mia tatu na arobaini na kitu kwa saa. Kwa hiyo saa moja na dakika kumi. Tarsis hajadanganya.

"Mzee Bakili unasafiri?" mwalimu kaniuliza.

"Hapana. Nauliza tu."

Kwenye rula ni kama kidole changu cha kati.

Jumanne, 19 Machi

Leo nimepima. Ndege imepita saa mbili, ndiyo tumeanza kushusha lori la mahindi. Nimehesabu. Saa ya Tarsis ilipofika saa tatu na dakika kumi nilikuwa nimebeba magunia ishirini na mbili. Kwa hiyo Mtwara ni magunia ishirini na mbili. Mbaruku kabeba kumi na tisa, anasema yeye yuko Lindi bado.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Hakuna kazi.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemwomba Tarsis, amekubali. Euphrasia atanitafutia Sitara, na shule zikifungwa mwisho wa mwezi wa tano atarudi naye kwenye ndege. Nauli ya mtoto ni nusu. Nimeshaitoa. Nilidhani Tarsis atakataa, atasema binti yake si yaya. Kasema hivi: "Na wewe ni baba." Basi.

Jumamosi, 23 Machi

Euphrasia ameondoka. Sanduku lake la bati nimelipeleka mimi na mkokoteni, nimetoka alfajiri. Kariakoo mpaka uwanja wa ndege, Barabara ya Pugu, nimetumia saa mbili na nusu. Mvua usoni. Pale Wachina wanapojenga stesheni ya reli nimesukuma kwenye maji ya magoti. Tarsis na watu wake wamekuja na teksi, wamenipita njiani.

Nimejiwazia nikiwa nasukuma: kutoka kwangu mpaka uwanjani ni mbali kuliko kutoka uwanjani mpaka kwa mwanangu.

Euphrasia msichana mwembamba, ana miwani. Kanisalimia vizuri. "Shikamoo mzee Bakili." Nimempa barua ya kumpelekea shemeji Nassibu na kanga ya Sitara.

"Na Bibi je? Humwandikii?"

"Mkwe haandikiwi."

"Hata salamu?"

"Salamu zinapita kwa shemeji."

Akaniangalia kama watu wa huku wanavyotuangalia. Sikumweleza zaidi. Mama yake alikuwa analia, Tarsis anakagua kamba niliyofunga sanduku, anaikagua mara tano, maana hana pengine pa kuangalia.

Ndege ndogo kuliko nilivyodhani. Imepanda, imeingia mawinguni. Nimerudi na mkokoteni mtupu, sikuona uzito wa kitu.

Jumanne, 26 Machi

Ishirini na mbili.

Jumamosi, 30 Machi

Ishirini na moja. Magunia ya mchele, mazito.

Ijumaa, 5 Aprili

Maulidi. Hakuna kazi. Zamzam alikuwa anapenda Maulidi. Alikuwa anaoga mapema anakaa mlangoni, ananiambia mimi nichelewe tu, yeye anaenda na jirani. Hakuwahi kwenda na jirani hata mara moja. Alikuwa ananingoja huku amenuna.

Alhamisi, 11 Aprili

Miaka miwili leo.

Jumanne, 16 Aprili

Barua ya Euphrasia. Imekuja na ndege, lakini toka Newala mpaka Mtwara imengoja Landrova siku tisa. Hilo la Landrova sikuwa nimelipiga hesabu.

Anasema kamwona Sitara. Ni mrefu, mweusi kama mimi, anasoma vizuri kupita wote darasani, mkali. Kanga kaipokea kwa mikono miwili. Mjomba anasema ndiyo kwa kila kitu. Mjomba kamwambia ndiyo hata kabla hajamaliza swali.

Lakini Bibi hajasema kitu. Macho yake yanafunga, mtoto wa jicho, moja halioni kabisa. Euphrasia kaenda kumsalimia. Bibi kamuuliza jambo moja tu. Naandika kama lilivyo kwenye barua: "Huyo Bakili, bado yupo?"

Nimesoma hapo mara nyingi.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemwonyesha Mbaruku. Hajui kusoma, nimemsomea.

"Barua zangu zote miaka miwili nimemwandikia shemeji," nikamwambia. "Kila barua nimeweka salamu."

"Na shemeji kazifikisha?"

"Sijui."

"Huyo mtu wa ndiyo-ndiyo, si ajabu anaziweka mfukoni. Bibi wa watu anajua binti yake alimwoza kwa mtu, binti kafa, mkwe kaja siku tatu kama mgeni wa chama, kaondoka. Hajasikia neno. Wewe ungesemaje?"

"Mimi nimemstahi."

"Umemstahi mpaka kakuona maiti."

Nilitaka kumpiga. Ni mtani, hapigwi.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua kubwa. Uani kwetu maji yameingia mpaka jikoni. Kule kwao Zamzam maji wanafuata bondeni, mwendo wa nusu siku, huku yanatufuata kitandani.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemuuliza mwalimu Candida kama karatasi ni mdomo.

Hakuelewa. Nimemweleza. Mtu haruhusiwi kuongea na mkwe. Je, akimwandikia ameongea?

Kafikiri sana. Yeye Mluguru, kasema na kwao kuna mambo hayo. Kauliza, "Bibi anajua kusoma?"

"Hajui. Na macho hana."

"Sasa atasomewa na nani?"

Hapo ndipo nilipostuka. Atasomewa na Sitara. Hakuna mwingine nyumbani. Maneno yangu yatatoka kwenye mdomo wa mwanangu. Na mtoto anaruhusiwa kumwambia bibi yake jambo lolote.

"Basi si wewe uliyesema," mwalimu kasema.

Mbaruku nilipomwambia kasema ningempeleka yeye, ndiyo kazi ya mtani. Angesimama uani aseme: mama, binti yako aliolewa na mla panya, Mungu kamwondolea aibu, sasa mjukuu mpe huyu mla panya maana analia kila ndege ikipita. Kumbe anaona.

Jumamosi, 20 Aprili

Sikuhesabu magunia. Nimeandika barua. Naiandika na humu.

"Sitara mwanangu, msomee Bibi taratibu, usiruke.

Mimi Bakili. Sijui kama ninaruhusiwa. Nimekaa kimya miaka miwili kwa heshima, si kwa kusahau. Kila barua niliyomwandikia shemeji ilikuwa na salamu zako. Kama hazikufika, kosa langu, ningeuliza.

Zamzam alipokufa mimi nilikuwa nabeba magunia, sijui. Kaburi sikuchimba. Nilipokuja sikuweza kukaa, kwa sababu kila nikikaa naona umeingia ndani unipishe, nyumba ni yako na mimi ndiye ninayekufungia ndani. Nikaona nikuondokee. Nikamwacha Sitara kwa sababu nilikuona unamshika.

Sasa namwomba mtoto kwako. Umemlea vizuri, mwalimu wake kasema. Lakini mimi nikirudi kazini chumbani hamna mtu. Kuna ndege, ni saa moja na dakika kumi. Ukisema hapana, ni hapana. Sitamuuliza shemeji tena. Nakuuliza wewe.

Nakupigia magoti hapa nilipo."

Nimepiga kweli, chumbani. Hakuna aliyeniona.

Jumanne, 23 Aprili

Nimeipeleka posta. Ndege imepita saa mbili na dakika tano. Imechelewa.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimekaa.

Jumamosi, 4 Mei

Nimenunua kitanda cha kamba kule mtaa wa Gerezani. Nimekibeba kichwani. Watu wa nyumba wameuliza, ndoa? Nimesema mtoto. Mke wa Tarsis kanipa neti yenye matundu mawili, kasema Sitara ashinde dukani kwao mpaka shule ifunguliwe.

Tarsis nilikuwa namwona mtu wa kelele tu. Siku hizi kila ndege ikipita anatoka nje ya duka, anasimama na mimi. Ikishapita anapiga kelele: "Haya, kazi!"

Jumanne, 7 Mei

Ishirini na mbili. Hakuna barua.

Jumamosi, 11 Mei

Ishirini na tatu. Nilikuwa na hasira. Hakuna barua.

Jumanne, 14 Mei

Hakuna.

Ijumaa, 17 Mei

Kisomoni hesabu za mwendo. Gari linatoka Dodoma, jingine Morogoro, yanakutana wapi. Mimi nimepata yote. Mwalimu kasema nina kichwa cha hesabu. Nina kichwa cha jambo moja.

Jumamosi, 18 Mei

Simu ya upepo imefika dukani kwa Tarsis, kutoka kwa Euphrasia. Maneno matano. BIBI AMEKUBALI TUNAKUJA TAREHE MOSI.

Nimemfanya Tarsis anisomee, halafu nimesoma mwenyewe. Mbaruku kanibeba mgongoni kama gunia, kanizungusha barabarani, watu wa mikokoteni wanapiga makofi. "Nauza Mmakonde! Nauza Mmakonde aliyelowa, bei rahisi!"

Jumanne, 21 Mei

Sikuhesabu. Naona haina haja tena.

Jumapili, 26 Mei

Nimefagia. Nimepiga ukuta chokaa.

Ijumaa, 31 Mei

Kesho. Nimeosha mkokoteni.

Jumamosi, 1 Juni

Naandika yote.

Nimeondoka gizani. Mvua imepungua siku hizi, barabara imeshika. Nimetumia saa mbili kamili. Nimevaa shati jeupe nililoazima kwa Mbaruku, nililifunga kwenye karatasi, nimelivaa pale pale uwanjani. Tarsis na mkewe wamekuja. Tumesimama pale kwenye uzio watu wanapopunga mikono.

Ndege imetua saa tano kasoro robo. Watu wanashuka. Wazungu wawili. Bwana mmoja wa kofia. Mama na kichanga. Halafu Euphrasia. Mkewe Tarsis akapiga vigelegele. Mimi naangalia nyuma ya Euphrasia. Mlango wa ndege ulikuwa wazi. Akatoka mtu mwenye ufagio.

Nikangoja. Nikamwambia Tarsis, yuko ndani, mtoto wa shamba anaogopa ngazi. Mlango wakaufunga.

Euphrasia kafika kwenye uzio hajasalimia wazazi wake bado, kaja kwangu. Analia. Nilidhani amekufa. Nimemuuliza hivyo hivyo, "Amekufa?"

"Hapana mzee, hapana. Mzima. Hajakubali."

"Bibi?"

"Bibi alikubali. Ni Sitara."

Kanieleza. Asubuhi ya juzi walifika Namba Tatu na Landrova kumchukua. Sitara ameshavaa, ana sanduku, amepanda. Bibi katoka kumuaga, kashika ukuta. Landrova ikawashwa. Bibi akageuka kurudi ndani, akaanza kupapasa, anautafuta mlango. Nyumba mpya. Ile ya zamani aliijua, alizaliwa karibu yake, hakuwa na haja ya macho. Hii haijui. Akapapasa mpaka kona, akaipita kona, akaendelea kupapasa ukuta wa nyuma usio na mlango. Hakumwita mtu.

"Sitara akashuka," Euphrasia kasema. "Alirusha sanduku chini akashuka. Tulimwambia Mjomba yupo, majirani wapo. Akasema mnipe kalamu."

Kanipa barua. Sikuisoma pale. Nimepakia mzigo wa Euphrasia. Tarsis kasema niache, waweke kwenye teksi. Nikasema hapana, nimekuja na mkokoteni, siwezi kurudi mtupu.

Nimesoma karibu na stesheni ya Wachina, nimekaa juu ya mkono wa mkokoteni.

"Baba shikamoo. Barua yako nilimsomea Bibi mara nne. Mara ya kwanza aliniambia ninyamaze. Mara ya pili aliingia ndani. Mara ya tatu alilia. Mara ya nne alisema mwambie sikumchukia, nilidhani ametuacha, na wewe nenda. Mimi ndiye nimekataa. Usimlaumu mtu. Hii nyumba ya hapa Bibi hajaijua. Anagonga kichwa. Mjomba alijenga haraka kwa sababu waliambiwa wiki mbili, upande wa jikoni haujaezekwa. Mjomba anasema kesho kila siku.

Wewe umeandika ni saa moja na dakika kumi. Kama ni karibu hivyo, mbona huji wewe?

Mimi mwanao Sitara."

Nimekaa mpaka Mchina mmoja kaja, kanigusa bega, kanipa sigara.

Jumapili, 2 Juni

.

Jumatatu, 3 Juni

Nimebeba.

Jumanne, 4 Juni

Ndege imepita. Tarsis katoka nje, kanikuta nimeinama. Kasema, "Bakili, nauli yako watairudisha, nimeshawaandikia." Nikasema haya. Halafu kasema, "Wangu kaja wako hakuja, naona aibu kucheka nyumbani kwangu." Sikujua Mchaga yule ana maneno kama hayo.

Alhamisi, 6 Juni

Nina hasira na mtoto. Mbona huji wewe. Mtoto wa miaka kumi na moja.

Jumamosi, 8 Juni

Nina hasira na Nassibu. Mlango kajenga mfupi, paa hajaezeka, salamu hakufikisha. Halafu nafikiri, wiki mbili kupewa kujenga nyumba nne, yake, ya mama yake, ya wadogo zake. Mwanamume mmoja. Na mkwe wa nyumba hiyo yuko wapi? Kwetu nyumba ya mama mkwe anajenga nani? Anajenga mkwe. Anayeoa ndiye anayejenga, anayelima, mpaka wakwe waridhike. Nimelijua hilo tangu jandoni. Nassibu amefanya kazi yangu.

Jumapili, 9 Juni

Nimepiga hesabu ya kuja kwake masika yote. Kwa rula, kwa magunia, kwa saa ya Tarsis. Hesabu ya kwenda kwangu sikupiga hata siku moja.

Si kwamba sikuweza. Niliogopa kufika.

Ijumaa, 14 Juni

Mwalimu Candida kauliza mbona siandiki vizuri siku hizi. Nikamwambia. Kafunga daftari langu, kanirudishia. "Mzee Bakili, hukosi darasa. Hata Newala kuna kisomo."

Jumanne, 25 Juni

Wanasema pantoni ya Rufiji imevusha lori moja.

Jumamosi, 29 Juni

Nimemwambia Mbaruku mkokoteni auchukue.

"Unarudi lini?"

"Sijui."

"Mwongo. Unajua."

Kasema basi shati lake nikae nalo, maana huko nitaonekana kama mtu. Kasema tutakapozikana yeye atadai kuku, mimi nisimletee panya. Kasema mengi. Kila akisema anageuka pembeni kupenga.

Jumatatu, 1 Julai

Kitanda nimempa mama mwenye nyumba. Neti naenda nayo.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Ngoma uwanjani. Kesho kutwa lori la Lindi.

Jumanne, 9 Julai

Nimepanda juu ya mifuko ya saruji. Tarsis kaja mwenyewe, kanipa kilo mbili za sukari na chumvi, kanipigia kelele nikalie vizuri nisianguke.

Alhamisi, 11 Julai

Rufiji. Tumelala ng'ambo hii tukingoja zamu ya pantoni.

Jumamosi, 13 Julai

Lindi. Gari limeharibika.

Jumatatu, 15 Julai. Namba Tatu, Newala

Nimefika mchana.

Sitara nimemkuta njiani na ndoo kichwani, anatoka bondeni. Sikumjua. Yeye kanijua. Hakutua ndoo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Umekuja na gari?"

"Na gari, halafu na miguu."

"Siku ngapi?"

"Saba."

Akaanza kutembea mbele yangu. Ana mwendo wa mama yake, anakanyaga kama ana ugomvi na ardhi. Nimetembea nyuma yake mpaka nyumbani. Sikusema kitu, ningesema ningelia, na yeye ana ndoo.

Nyumba ndogo. Udongo umepasuka. Mlango mfupi kweli. Upande wa jikoni fito tupu, jua linaingia. Nassibu hayupo, yuko shambani. Nilisikia ndani kigoda kinasogezwa. Mkwe kanisikia, kaingia zaidi ndani. Mimi nikakaa nje, mgongo nimeupa mlango, kama inavyotakiwa. Sitara kasimama katikati.

Ndani kukasemwa kitu.

"Bibi anasema karibu."

"Mwambie nimekaribia."

"Bibi anauliza mtani wako yule wa barua hajambo?"

Sikukumbuka kama nilimwandika. Nilimwandika kwa shemeji, barua ya mwaka jana. Basi zilikuwa zinafika, japo kidogo. "Mwambie hajambo. Anamsalimu."

Kuku wanapita.

"Bibi anauliza unakaa siku ngapi. Anataka kujua atenge unga wa siku ngapi."

Sitara aliniangalia. Alikuwa amekunja uso, ameshika kanga yake kwa ngumi. Nikaona kuwa swali ni lake, si la Bibi.

Nikaangalia zile fito. Nikaangalia mlango. Nikamwambia, "Mwambie Bibi huo mlango lazima ubomolewe, uongezwe juu mkono mmoja. Na jikoni panatakiwa miti kumi na minne kabla ya nyasi. Muulize panga liko wapi."

Sitara kafungua mdomo. Hakuwahi.

"Liko nyuma ya mlango, baba," Mkwe akasema kutoka ndani. Sauti yake mwenyewe, kwangu mimi. "Lina kutu. Mtoto atakuonyesha jiwe la kunolea."